Komeo, Aliyejifunza Kudaka Mara Mbili

Komeo anastaafu! Jumamosi tarehe kumi na nne ndiyo mwisho, baada ya miaka ishirini na moja ya kulinda lango la klabu hii, mitatu kati yake akiwa amevaa kombati badala ya jezi. Haya, limeshanitoka. Sasa niwasalimu kama watu: habari zenu wachezaji, makocha, wafanyakazi wa ofisini, mashabiki wa jukwaa la kulia, na hata nyie wa jukwaa la kushoto mnaolalamika kila wiki.

Katibu wa klabu aliniomba niandike wasifu huu wa Komeo kama mfanyakazi mwenzake, siyo kama mama yake. Ni kweli mimi ni mfanyakazi. Nafua jezi hapa tangu enzi za ile mashine moja iliyokuwa ikiruka mpaka mlangoni kama inataka kutoroka, na leo tunazo nne zilizotulia. Kwa hiyo humu nitamwita mstaafu, nitamwita Komeo, na pale litakaponiponyoka neno mwanangu, katibu ataniwia radhi. Yeye alimsajili tu, mimi ndiye niliyemzaa.

Mstaafu alijiunga akiwa na miaka kumi na saba, mwembamba kama mpini wa fagio, mikono mirefu hata kila shati lilimwishia karibu na kiwiko. Kocha wa wakati ule alimzunguka mara mbili, kisha akaja kuniuliza kwenye chumba cha kufulia kama nyumbani tunakula. Mechi ya kwanza kijana alidaka penalti mbili. Kocha hakuuliza tena habari za chakula. Jina la Komeo alipewa na muuza tiketi wa geti la nyuma, aliyekuwa akiwaambia mashabiki wa timu ngeni wabishe hodi wapendavyo, mlango umefungwa kwa ndani.

Mwaka wake wa nne aliitwa timu ya taifa. Mwaka wa sita alicheza mechi tisa mfululizo bila kufungwa hata bao moja. Ya kumi alifungwa kwa sababu beki alimziba macho, na beki huyo bado tuko naye, ni mkufunzi wa vijana sasa, na anajijua.

Kuna jambo moja la udakaji wake ambalo wageni wanapaswa kulijua, maana mengine yote yanatokana nalo. Komeo hapangui. Makipa wengine wanapiga mpira ngumi, wanausukuma nje, wanaugusa kwa ncha za vidole. Yeye anaukumbatia. Anauvuta kifuani, anaufunika kwa mwili na kuanguka nao, kama mtu aliyeona mtoto anadondoka kitandani. Makocha wanne walijaribu kumbadilisha wakashindwa. Amezaliwa hivyo. Hata akiwa mtoto mchanga alikuwa hivyo, ukimpa kijiko hakitoki.

Vita vilipoanza, ligi ilisimamishwa na barua zikaja. Wachezaji saba wa klabu hii waliondoka asubuhi moja na lori lililokuwa likibeba mizigo yetu ya safari. Mstaafu alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kambini waliwaweka wanamichezo pamoja, kwa kuwa wakubwa waliamini watu wenye mapafu hawahitaji kufundishwa sana. Palikuwa na bondia, mwendesha baiskeli, wakimbiaji wawili, Komeo wetu, na mchezaji wa mpira wa wavu aliyeitwa Mrefu, ambaye kitanda chochote kilimwacha miguu nje. Askari wengine wakakiita kikosi hicho Timu. Wakipita wanapiga makofi na kuomba saini.

Sajini aliyewafundisha alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza aliwaambia, "Nyie mmezoea kushangiliwa. Hapa atakayewashangilia ni mimi, na mimi sishangilii." Wiki ya pili, bila kuwaonya, aliwarushia bomu la mkono la mazoezi, chuma tupu kisicho na baruti, aone nani atalala chini haraka. Wote walilala. Mstaafu akaruka. Alilidaka hewani, akalikumbatia kifuani, akaanguka nalo safi kabisa, halafu akainuka akitafuta wa kumpasia. Sajini alimsogelea. Kisha akasema, "Hongera kipa. Umedaka. Umekufa." Mrefu alicheka mpaka akapewa adhabu ya kuzunguka uwanja pamoja naye, akazunguka akicheka.

Tangu siku hiyo sajini alikuwa na kazi moja ya ziada, kumfundisha mwanangu kutodaka. Alimrushia kiatu, kopo, kofia, hata mkate wake wa asubuhi, huku akipiga kelele, "Acha! Lala!" Akidaka, mizunguko mitano. Mkate akiudaka, anazunguka na njaa. Ilichukua mwezi mzima. Mwishoni kitu chochote kikiruka kuelekea kwake, mikono ilibaki mbavuni na tumbo likawa chini. Aliniandikia kwamba sasa yeye ni kipa wa kwanza duniani kupongezwa kwa kufungwa. Nilisoma barua hiyo mbele ya mashine zangu, nikacheka, sikujua nacheka nini.

Mrefu hakupewa mafunzo hayo ya ziada. Siku ile ya kwanza alilala vizuri, kwa hiyo sajini alijua huyu amekwisha kuelewa.

Mwaka wa pili wa vita, mchana, walikuwa sita kwenye handaki wakila. Kitu kilidondoka kutoka juu. Mstaafu alilala. Bondia na wengine watatu walilala. Mrefu alikuwa amesimama, na mikono yake ilikwenda yenyewe, imeungana kwenye viganja kama mtu anayepokea mpira wa kuanzia, akakipandisha juu. Kilipasuka hewani, juu ya kichwa chake. Watano waliolala wako hai wote, mmoja wao ana watoto wanne. Sajini aliandika kwenye taarifa kwamba askari huyo alifanya kosa la kimchezo. Watano wale waliisoma taarifa na wakakataa kuitia saini mpaka neno kosa lilipofutwa.

Vita vilipokwisha mstaafu alirudi na mwili mzima, nikamshukuru Mungu, nikamfulia nguo zake mara tatu. Ligi ikaanza upya. Mechi ya kwanza ilipigwa krosi nyepesi, ya kudaka hata mimi na beseni kichwani. Mstaafu alilala kifudifudi, uso kwenye majani, mikono kisogoni. Mpira ukaingia polepole. Jukwaa lilicheka, halafu kicheko kikakatika kama mtu amezima redio. Mechi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu akawekwa benchi.

Aliniambia mara moja tu kilichokuwa kikimsumbua, na amenipa ruhusa niandike. Alisema katika handaki lile mdakaji alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyelala.

Klabu haikuwa katili, hilo niliseme wazi. Mwenyekiti alimpa mpaka mwisho wa mwezi. Asipoweza, angepewa kazi ya kulinda geti la magari, ili asitupwe nje. Nilisikia hayo nikiwa nimepeleka mapazia yaliyofuliwa ofisini. Niliyatundika yote saba kwa utulivu, nikarudi kwangu, nikafunga mlango.

Siku hizo alikuwa anakaa nami kwenye chumba cha kufulia, juu ya kreti lililopinduliwa. Wanaopita huko wanajua kazi yetu inavyokwenda: tunaoanisha soksi, tunazikunja jozi kuwa kama mpira mdogo, tunazirusha kwenye vikapu ukutani, cha wakubwa, cha vijana, cha wanawake. Siku moja nilikuwa nimechelewa, mkono ukarusha jozi upande wake bila kufikiri. Ilimgonga kifuani ikaanguka. Akaitazama sakafuni, jasho linamtoka. Nikamwambia, "Okota baba, ni soksi za beki wa kushoto. Kwa harufu yake sikulaumu." Alicheka. Miezi mingapi nilikuwa sijakisikia kicheko kile!

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo daktari hakuliona wala kocha. Mtu huyu alitaka kuambiwa kinachokuja ni nini kabla hakijafika. Basi nikaanza kutangaza. "Soksi!" Narusha. Ikaanguka. "Soksi!" Ikaanguka. Siku ya tatu mkono mmoja ulitoka mbavuni. Siku ya tano alidaka jozi kumi na moja, timu nzima. "Taulo!" "Bukta!" "Jezi ya golikipa, imekunjwa vibaya!" Nilirusha kila kitu kinachofulika. Wiki ya tatu tukatoka uani nikashika mpira wenyewe, nikautupa kwa mikono miwili kama ninavyotupa shuka juu ya kamba, nikapiga kelele mpaka wahasibu wakafungua madirisha: "Mpira!" Akaukumbatia, akaanguka nao juu ya nguo zangu safi. Sikumgombeza. Ni mara ya pekee.

Nilimwita nahodha, ambaye alikuwa yule beki wa kumziba macho, nikamweleza. Siku ya mwisho ya mwezi mstaafu alirudishwa langoni. Dakika ya saba wapinzani walipata kona. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia na mfuko wa vibanio shingoni. Mpira ulipoinuka, mabeki wanne walipiga kelele kwa pamoja, "Mpira!" Naye akaruka, akaukumbatia, akaanguka nao, akabaki chini kidogo. Mwamuzi alipokimbia kuangalia kama ameumia, aliambiwa hapana, anausikilizia tu.

Sasa wageni wetu wanajua kwa nini kila mpira unapokuja kwenye lango letu jukwaa zima linapiga kelele "Mpiraaa!" Kwa miaka kumi wapinzani wamedhani tunawadhihaki, kama vile hawajui wanachokipiga. Timu moja ilitushtaki kwa chama. Hatukujieleza, maana jambo lilikuwa la ndani.

Katika miaka hiyo kumi mstaafu alitwaa vikombe viwili, alidaka penalti kumi na tisa (nimezihesabu, katibu ana kumi na nane, amesahau ile ya mvua), na alifundisha makipa watatu, mmoja akiwa wa timu yetu ya wanawake ambaye naye hukumbatia. Hajawahi kuchelewa mazoezini. Hajawahi kuacha glavu zake zimelowa ndani ya begi, jambo ambalo wengine humu ndani, majina ninayo, hawawezi kusema.

Mama yake Mrefu ni fundi cherehani. Namba zote mnazoziona migongoni mwa wachezaji wetu ameshona yeye, nyumbani kwake, na mstaafu ndiye anayempelekea jezi na kuzirudisha kila mwanzo wa msimu. Ameshona namba za uwanja huu kwa miaka kumi, na hajawahi kukanyaga uwanja huu, wala mwingine wowote, tangu mwanawe alipoondoka.

Desturi ya klabu mnaijua. Kipa anayestaafu anachagua mtu mmoja wa kumpigia au kumrushia mpira wa mwisho langoni. Aliyemtangulia alimchagua mwenyekiti, na mpira ukaenda nje kwa mita sita. Mstaafu alikwenda kwa yule mama, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamwomba. Mama alikata uzi, akasema hajui kurusha. Akajibiwa kwamba hata mama wa chumba cha kufulia hajui, lakini amerusha sana. Alifikiri wiki mbili. Nami sitaficha, wiki hizo mbili kamba zangu zilikuwa na nguo zilizoanikwa ndani nje.

Jibu lake lilikuja na jezi ya mwisho, namba moja mpya, kwa mdomo wake mwenyewe. Atakuja. Lakini ana masharti. Mwanangu asilale. Asiuachie upite kwa kumhurumia, maana atajua. "Nikirusha, udake, mwanangu," alimwambia. "Ukumbatie kama wanavyosema unakumbatia. Nataka nione mpira unavyokuwa ukidakwa."

Sharti la mwisho linatuhusu sisi sote, ndiyo maana nimeliweka hapa mwishoni lisisahaulike. Mpira huo mmoja, jukwaa la kulia na la kushoto, mabeki, wauza tiketi na mimi mwenyewe, tunyamaze. Neno atalisema yeye.

Tunawashukuru mwenyekiti aliyempa mwezi mmoja, nahodha aliyekubali kupiga kelele, watu wanne wa lile handaki ambao wamethibitisha kuja, na sajini, ambaye ameandika kwamba atakaa nyuma kabisa na hatashangilia. Tutaona. Wewe Komeo, baba, nenda ukapumzishe magoti yako, ukawafundishe watoto wa shule kuanguka bila kuvunjika, na ule mlingoti wa kamba yangu ulioniahidi kabla ya vita sasa huna tena cha kusingizia. Klabu nzima inakuombea siku nyingi na njema.

Basi njooni wote: Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri. Mageti yatafunguliwa saa saba. Kiti cha mama yake Mrefu kiko mstari wa kwanza, karibu na changu.