Mama Mboji na Bustani Iliyosakafiwa

Marehemu dada yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mboji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mimi ni kitindamimba wa wazazi wetu, na nimeombwa nisome wasifu huu kwa ufupi na bila hasira. Ufupi nitajitahidi.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966, na mwaka uliofuata akaajiriwa kufagia soko. Taka za soko ndizo zilizompa jina. Maganda na majani ya kabichi aliyabeba nyumbani, akayapanga kwa tabaka: majani makavu, mabichi, samadi kidogo, kisha maji. Katikati ya lundo alichomeka kijiti kirefu. Kila asubuhi alikichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, lundo lilikuwa hai. Kikiwa baridi, alichukua koleo akaligeuza lote.

Mwaka 1973 aliolewa na fundi viatu. Siku shemeji alipofika nyumbani mara ya kwanza, alijiziba pua.

"Mnalalaje na uvundo huu?"

Dada akamtilia mboji kiganjani. "Nusa. Iliyoiva hainuki. Ikinuka, ujue aliyeitengeneza mvivu."

Shemeji alinusa, akacheka, akarudi na posa. Alifariki mwaka 1994, na mchicha na nyanya za bustani aliyoilima kando ya nyumba kwa mboji hiyo zikawasomesha watoto wao watatu, hadi wakapata ofisi zenye viyoyozi na pua nyepesi.

Mwezi Mei mwaka huu figo zilimzidia, akalazwa. Wanawe, kwa mapenzi yao, wakaona msiba hauko mbali na wageni watahitaji pa kuegesha magari. Wakaimwagia bustani saruji. Udongo ule mweusi, laini, alioulisha tangu usichana wake! Ila dada hakufa. Aliruhusiwa, akarudi, akasimama getini na mkongojo wake.

"Nani kafa?" akauliza.

Kifungua mimba wake akasema, "Mama, tumekupunguzia kazi."

Niliumia, na bado naumia. Saruji iliishia nyuma ya jiko, lundo likanusurika. Kila asubuhi nilimchomolea kijiti nikampelekea kitandani akishike. Tarehe 9 Agosti alikishika, akasema, "Bado cha moto," akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na lundo ambalo lori linakuja kulizoa kesho. Wageni wetu, magari yenu yako salama.

Wanawe wamenunua maua ya plastiki. Mimi nimekuja na ndoo ya mboji yake, iko hapa miguuni pangu, na ndiyo itakayotangulia kaburini. Wanangu, njooni mchote kwa mikono. Msijizibe pua. Hainuki.

Dada, umechoka. Pumzika kwa amani.