Macho ya Doña Casilda

Hapa mjini Jinotega, kwenye kona ya duka la dawa, kuna mabenchi matatu, na asubuhi kabla ukungu haujapanda mlimani huwa na wenyewe. Kuna Colocho, kinyozi mwenye nywele za kujisokota. Kuna Cuajada, muuza jibini. Na kuna mzee Campana, aliyepiga kengele za kanisa miaka arobaini mpaka masikio yakastaafu kabla yake. Juma hilo aliongezeka mmoja: Alwina, binti wa Kimiskito kutoka pwani, aliyekuja na Kihispania cha kuombea maji tu. Doña Casilda, bibi asiyeona, alitaka mtu wa kuwa macho yake katika duka lake la vitambaa. Alimpa Alwina siku saba ajifunze kusema kitu kiko wapi: este, ese, aquel, yaani hiki, hicho na kile. Leo ilikuwa siku ya saba, na Doña angepita hapo akitoka misa kumpima. Alwina alikwisha kuapa: harudi pwani mikono mitupu.

— Tuanze tena, alisema Alwina. Este?

— Este ni kilicho mkononi mwako, binti, alisema Colocho. Ese kiko kwa mwenzako. Aquel kiko mbali na nyote wawili.

— Usimpotoshe mtoto wa watu, alisema Cuajada. Kahawa ninayo mkononi, nikigeuka tu umeshainywa. Este ni kile unachokilinda. Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hapo? aliuliza Colocho.

— Jibini langu naliweka mvunguni. Wezi wa mji huu ni wavivu wa kuinama.

Alwina aliandika neno daftarini, akalifuta.

— Aquel ni marehemu, alisema mzee Campana, aliyekuwa amesikia nusu. Ile sinema iliyobomolewa. Yule mke wangu wa kwanza.

— Mke wako wa kwanza yuko Matagalpa, mzee, alisema Cuajada. Anauza viatu.

— Kwangu ni marehemu.

— Mkichunguza sana, alisema Colocho, hakuna este duniani. Ukikitaja tu, kimeshapita. Kila kitu ni aquel.

— Ndiyo maana mteja wako wa jana alitoka amenyolewa upande mmoja.

Alwina aliweka kikombe chini.

— Wazee wangu, imebaki nusu saa. Kikapu cha jibini kiko wapi?

Wote watatu wakachongoa midomo kuelekea benchi la katikati.

Hapo Alwina akaona kilichomlia siku zake saba. Watu wa hapa huelekeza kwa midomo. Ulimi wameuachia porojo. Naye alikuwa amewaiga vizuri mno. Juzi tu alimwelekeza mpita njia kwenye kituo cha basi kwa mdomo, akajiona mwenyeji.

Akainuka, akawageuzia mgongo.

— Sasa semeni. Kikapu kiko wapi?

— Kiko pale, alisema Colocho.

— Pale wapi? Sikuoni.

— Basi geuka, binti.

— Sigeuki, baba.

Hakugeuka. Walitoa jasho kwenye baridi ile. Mara kumi walijibu kwa este, ese na aquel, mara ishirini, wakapokezana, naye anauliza na mgongo ni uleule, mpaka fimbo ikasikika ikigonga mawe ya njia.

— Nikae wapi? aliuliza Doña Casilda.

Midomo mitatu ikachongoka.

— Mpo kweli? Mbona nasikia harufu ya jibini tu?

Alwina akayageukia mabenchi.

— Ese lina kikapu, Doña. Aquel limelowa ukungu. Este ni kavu, kaa hapa nilipo.

Mama yule alipapasa mbao kwa kiganja, akakaa taratibu.

— Hukuniambia “pale”.

— Pale hapafiki kwako, Doña.

— Kesho saa moja asubuhi, mlango wa nyuma. Tutaanza na hariri kabla wateja hawajaivuruga.

Colocho akakohoa.

— Tumemfundisha sisi, Doña.

— Nani hasa kati yenu?

Kila mmoja akamchongolea mwenzake mdomo. Doña Casilda akangoja jibu kidogo, kisha akaomba kahawa.