Deodatha na Alhamisi Zake

Mwaka 1981 nilipanda Landrova ya abiria iliyotoka Nkwenda, ikipitia hospitali. Mbele yangu Deodatha, mkulima wa kahawa, alimwamkia mzee Harerimana, kibarua asiyemfahamu, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshamweleza kwamba tangu vita vilivyoisha miaka miwili nyuma moyo humwenda mbio na pumzi humkatika hata akiwa shambani mchana.

“Vidonge nameza, mzee, na usingizi naupata. Ila nesi wa hospitali anataka kila Alhamisi niende tuzungumze. Leo namwambia basi. Majirani wananiita kichaa.”

“Usiache, mama. Mke wangu alikuwa na hofu hiyo hiyo. Alipewa vidonge tu. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, hata mimi mumewe. Akajitosa mtoni.”

Sisi wengine tukajifanya tunatazama migomba.

“Pole, mzee. Lakini nikianza kusema, nitasema kwamba tulipokimbia mizinga nilimwacha mama yangu kitandani.”

“Si umeshasema?”

“Nimekwambia wewe, usiyenijua.”

Gari likasimama hospitali, baadhi yetu tukateremka. Deodatha alibaki garini ameshikilia benchi kwa mikono miwili. Mzee, ambaye hakuwa na shida hospitalini, alishuka akamsubiri chini.