Mwalimu Philister na Mlima Alioufundisha Bila Kuuona

Mwalimu Philister Oduor alizaliwa Changamwe tarehe 14 Machi 1961, babake akiwa kuli wa bandarini. Alisoma hukohuko, akahitimu ualimu mwaka 1983.

Alifundisha shule ya msingi Ziwa la Ng'ombe hadi alipostaafu mwaka 2021. Mlima mrefu, ziwa kubwa na mto mrefu kuliko yote Afrika alivichora ubaoni bila kufungua kitabu. Siku moja alimwita mwanafunzi, Masha, autaje mlima huo.

"Abee mwalimu! Si ule wa jaa, hapo nyuma?"

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka, maana lundo lile la taka, linalonuka na kufuka moshi, ndilo lililokuwa mbele ya mlango wa nyumba yake.

"Kwani Kilimanjaro wewe umeuona, mwalimu?"

"Bado, mwanangu. Nikiuona nitakuja kuwaambia."

Aliolewa na marehemu Morgan Oduor, Frere Town, mwaka 1987. Kila Desemba walikwenda Ugenya, kwao Morgan, kwa basi la usiku, kama wafanyavyo watu wa bara walioko Pwani, na Kilimanjaro wakaupita gizani. Aliomba basi la mchana. Aliambiwa mchana kuna joto. Mwaka ujao, mama.

Moshi wa jaa ulimharibia mapafu. Februari 2025, akiwa kitandani, aliomba tena. Mwanawe Dishon akamjibu, "Pona kwanza, mama. Mlima hauhami." Alifariki tarehe 6 Mei.

Kamati ya mazishi ilikaa siku hiyohiyo. Mahema yakapatikana, sare zikashonwa, mabasi matatu yakakodiwa kwa ajili ya mtu aliyeomba kiti kimoja cha dirishani. Inatia kinyaa, na isemwe mbele ya jeneza lake.

Aya hii haimo kwenye programu. Jana gari la maiti liliharibika njiani kuja Ugenya, kukapambazuka wakiwa Emali. Kilimanjaro ulikuwa wazi, theluji na yote. Waombolezaji wakashuka kupiga picha, jeneza likiwa limefungiwa nyuma yao.

Dereva wa gari hilo, Mwarandu, akatema mate chini. "Wallahi, nyinyi hamna haya. Mfungulieni mama naye."

Bintiye Cheryl aliufungua mlango. "Mama, ndio ule," akasema. Dishon aliificha simu mfukoni.

Ameacha watoto wawili, Dishon na Cheryl, wajukuu wanne, na wanafunzi ambao bado wanangoja kuambiwa. Apumzike kwa amani, mwalimu wetu, mahali ambapo hataambiwa tena angoje mwaka ujao.