Ramu za Prosesa Mbili

Ndani ya basi la mwendokasi, Mzee Fikirini alipakata doti ya khanga aliyomnunulia mke mdogo, masikio yote kwa vijana wa kiti cha mbele.

"Kompyuta yangu ina prosesa mbili," dada mhariri wa video za harusi alimlalamikia fundi aliyekaa naye. "Nimezipandisha spidi, nikaongeza ramu za kumbukumbu, bado inakwama!"

"Ramu umechomeka wapi?"

"Zote kwa prosesa moja."

"Dada, hizo prosesa ni wake wenza! Kila mmoja apewe zake, tena zilingane, zihimili spidi hiyo."

"Mimi nataka kubwa tu!"

"Zinazolingana!"

Fikirini alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Basi liliposimama Jangwani, wale wawili wakiendelea kubishana, alishuka mbio kurudi Kariakoo kutafuta doti ya pili, ya maua yale yale.