Kumuaga Bi Ozella na Gari Lake la Wapiga Kura

Mheshimiwa Meya, Mchungaji Rayford, uliyenipa dakika tano huku ukinitazama kama mtu anayefungulia mbuzi shamba la mahindi, waheshimiwa mashemasi, kina mama wa kwaya, Ndugu wageni waalikwa kutoka makanisa jirani, nanyi mliokuja kwa ajili ya kambale wa kukaanga tu, ambao nawajua kwa majina kwa sababu mimi ni mwenzenu: nawasalimu nyote.

Naitwa Lucius Peavy, fundi wa matrekta. Shule niliachia darasa la saba, mashamba ya pamba yakiniita kwa sauti kubwa kuliko mwalimu. Basi nikikosea mwaka au sheria, Bi Ozella Tarpley atanisahihisha. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na minne, na sidhani kama ua alilobandikwa kifuani leo litamzuia.

Tunamuaga katika kazi gani? Kazi isiyo na mshahara wala ofisi. Kila uchaguzi mama huyu ameendesha gari la kanisa mpaka kituo cha kura, maili kumi na moja, akiwabeba vikongwe, wenye magongo, wasioona, na mimi. Sasa macho yake yamechoka. Na mashemasi wametangaza kwamba dereva asipopatikana leo, kabla pai ya viazi vitamu haijaisha, gari linauzwa. Nimeichungulia pai. Hatuna muda.

Mnajua kwamba mimi ni Mrepablikani. Katika kanisa hili tuko wawili, na mwenzangu ameniomba nisimtaje. Kwa hiyo Bi Ozella, Mdemokrati wa kuzaliwa, akishika usukani, mimi nashika historia.

"Ozella, nani walivunja utumwa katika Marekani hii?"

"Chama chako, Lucius. Halafu mkachoka, mkaenda kulala."

"Na nani walisimama mlangoni pa kituo kuzuia kura ya mtu mweusi, wakamuuliza baba yangu maswali ya katiba ambayo wao wenyewe hawakuyajua? Si Wademokrati?"

"Ndio wao. Na sheria ya haki za kiraia ilipopita mwaka wa sitini na nne, wale wenye hasira walihamia wapi? Kwenu! Mkawafungulia mlango, mkawamiminia na chai ya barafu."

"Sheria hiyo wabunge wetu waliiunga mkono kwa sehemu kubwa kuliko wenu!"

"Na mwaka uleule mgombea wenu wa urais akaipinga. Nyamaza, kuna kona."

Siku nyingine nilimbana kwenye msaada wa serikali. Nikamwambia, pensheni ya uzeeni ilipoanzishwa na chama chake, mama yangu mpishi na baba yangu mchuma pamba waliachwa nje, maana wakulima na watumishi wa majumbani hawakuhesabiwa. Akakata kona. Kisha akasema, "Kweli. Wakubwa wetu wa Kusini walitaka iwe hivyo. Baadaye wetu walianza kuwaingiza, wenu wakaendeleza." Ndugu zangu, mmewahi kumsikia mwanasiasa akisema "kweli" bila kushikiwa bunduki? Nilichanganyikiwa mpaka nikasahau nilikuwa nabishana nini.

Lakini leo sikusimama kuwachekesha tu. Kuna jambo nimelibeba miaka sita, na Bi Ozella mwenyewe ameniruhusu kulisema. Nilimuuliza mara mbili.

Bi Ozella alipokuwa na miaka saba, mashine za kuchuma pamba zilimnyima baba yake kazi. Mama yake akapata msaada wa watoto. Msaada ule ulikuwa wa nyumba isiyo na baba. Baba akionekana, chakula kinakatwa. Basi bibi mmoja wa serikali akija kukagua, baba anakimbilia nyuma ya banda la kuku. Siku moja akakimbia bila viatu. Ozella akaviona katikati ya sebule, buti mbili kubwa kama mitumbwi. Akavikalia, akatandaza gauni juu yake. Saa nzima bibi yule alifungua makabati na kuhesabu vikombe, na mtoto hakusogea.

Alinisimulia hayo garini, tukiwa wawili. Na mimi, mzee mzima, nilikwenda kwa kinyozi nikayamwaga mbele ya wanaume kumi ili nishinde ubishi. Nikasema, "Mnaona chama cha Ozella? Kilimlisha mtoto kwa kumfukuza baba!" Watu wakacheka, wakapiga mapaja. Nilishinda. Jioni habari ilishamfikia.

Miezi mitatu hakunisemesha. Ikafika Jumanne ya uchaguzi, mvua ikinyesha kama iliyotumwa, na gari langu bovu. Ndiyo, la fundi, chekeni. Nikajua sipigi kura mwaka ule. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia honi.

"Ingia," akasema.

"Ozella, unajua kura yangu inakwenda kuifuta yako."

"Najua. Ingia, unaniingizia mvua."

Nikaingia. Tulipofika akazima injini, akasema, "Lucius, ile haikuwa hoja. Alikuwa baba yangu."

Sikumwomba radhi siku ile. Niliona haya, nikajifanya natafuta kofia. Nilikukosea mbele ya watu, Ozella, basi naomba radhi mbele ya watu. Vyama vyote viwili viliwahi kutuinua, na vyote viwili viliwahi kutukanyaga, na tutabishana nani zaidi mpaka Mchungaji atuzike. Lakini kati ya wote hao, nani alikuja kunichukua kwenye mvua?

Kwa hiyo, waheshimiwa mashemasi, wekeni vijiko chini. Dereva ni mimi.

Nani huyo ameguna? Shemasi Crumley! Sema kwa sauti, kaka. Anasema, "Mrepablikani awapeleke watu wetu? Si atawashusha msituni!" Crumley, breki za gari hilo nazifunga mimi tangu siku ya kwanza. Ningetaka mbaki nyumbani, ningelegeza nati moja tu.

Na wewe, Bi Ozella, mbona unainuka? Anasema nisibishane kwenye kona. Sawa. Anasema nisimuulize abiria anampigia nani. Sawa, ingawa itaniua. Anasema yeye atakaa kiti cha mbele nilichokuwa nakaa mimi, na ubishi utaendelea. Mungu nisaidie. Anatafuta kitu mkobani... Mmeona wenyewe! Amenirushia ufunguo, ukanigonga kifuani. Macho yamechoka, mkono bado.

Basi, Jumanne ya uchaguzi, Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtasikia honi. Tokeni kwa mlango wa mbele, kina baba mkitangulia, na viatu vyenu miguuni vikilia kwenye mbao za baraza, mtaa mzima usikie.

Mmenivumilia, mmenisikiliza, asanteni sana. Crumley, niachie kipande cha pai.