Katani Kwenye Nati ya Oili

MRITHI: Haloo? Haloo, Dada, unanisikia?

FUNDI: Nani mwenzangu?

MRITHI: Mimi. Mdogo wako.

FUNDI: Yupi? Mimi ninaye mmoja tu, na huyo hunikumbuka gari lake likizima.

MRITHI: Shikamoo, Dada.

FUNDI: Marahaba. Shikamoo tamu hivi, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Kimeharibika nini?

MRITHI: Hakuna kilichoharibika. Nilitaka kuuliza tu. Yaani kwa mfano, mtu anafungua nati ya chini, ile ya kumwagia oili, halafu ikagoma—

FUNDI: Mtu gani?

MRITHI: Mtu tu.

FUNDI: Na huyo mtu tu amejikunja kwenye trekta la Baba la kukatia nyasi, sivyo?

MRITHI: Umejuaje?

FUNDI: Gari lako huniletea mimi. Hapo nyumbani kitu kingine chenye oili ni hilo trekta. Sema, Mrithi.

MRITHI: Usiniite hivyo.

FUNDI: Si jina alilokupa Baba? Alisema, mashine hii nitamwachia mrithi wangu, huyu dada yako ana midomo mingi. Nilikuwepo, nilisikia. Haya, leo imekuwaje ukaikumbuka?

MRITHI: Baba anatoka hospitali. Wamemfungua bandeji ya macho asubuhi. Wifi yako amekwenda na gari kumchukua.

FUNDI: Anaona?

MRITHI: Anasema anaona mpaka sisimizi. Na amenipigia. Anasema akishuka tu, kabla hata ya chai, anakwenda kuchomoa kijiti cha oili aone mwenyewe.

FUNDI: Ahaa. Miaka yote alipokuwa haoni, oili ilikuwa safi. Leo anaona, imechafuka ghafla.

MRITHI: Dada, nisaidie kwanza, utanisema baadaye.

FUNDI: Nitafanya vyote viwili. Umeiwasha injini ipate joto?

MRITHI: Dakika tano. Ngoja nikuweke spika, mikono imejaa uchafu... Haya. Simu nimeiweka kwenye nyasi.

FUNDI: Unatumia spana gani?

MRITHI: Spana malaya, hii inayofungua nati zote.

FUNDI: Yesu na Maria. Pembe za nati zimebaki ngapi?

MRITHI: Zilikuwa sita.

FUNDI: Sikuuliza zilikuwa.

MRITHI: Mbili. Moja na nusu.

FUNDI: Unazungusha upande gani?

MRITHI: Kushoto. Kama ulivyonifundisha kwenye baiskeli.

FUNDI: Na umekaaje?

MRITHI: Nimelala juu ya kiti, kichwa chini, mkono nimeupitisha kwa nyuma—

FUNDI: Kwa nyuma ya nati?

MRITHI: Eeh.

FUNDI: [anacheka] Umeanza saa ngapi?

MRITHI: Saa mbili.

FUNDI: Basi saa mbili nzima unaikaza. Ukiwa nyuma yake, mambo yanageuka. Shuka hapo. Piga jeki, lala chini, uitazame usoni.

MRITHI: [vishindo] Haya, niko chini.

FUNDI: Trekta limeshikwa na nini?

MRITHI: Jeki.

FUNDI: Na nini kingine?

MRITHI: Mungu.

FUNDI: Toka. Weka magogo chini ya ekseli, pande zote mbili. Sina mdogo wa akiba.

MRITHI: [mbao zinagongana] Tayari. Dada, hii nati ina nywele.

FUNDI: Ina nini?

MRITHI: Nywele. Zimetokeza pembeni kama ndevu. Na rangi nyekundu imekauka juu yake.

FUNDI: Hiyo ni katani. Mzee wako huyo, miaka thelathini fundi bomba. Oili ilikuwa inadondoka, mimi nikamwambia, Baba, hapo ni washa, ile pete ya nati, imekwisha, weka mpya. Yeye akachukua katani na rangi, akafunga kama bomba la choo.

MRITHI: Ndiyo siku mliyogombana?

FUNDI: Alisema mtoto wa kike hawezi kumfundisha kufunga nati. Eti nikirudi na adabu ndipo niingie getini kwake. Iliniuma, na bado inaniuma. Sasa angalia vizuri: hiyo rangi imepasuka?

MRITHI: Hapana. Nzima kabisa.

FUNDI: Una hakika?

MRITHI: Nzima, Dada, kama imepakwa jana.

FUNDI: Basi nati hiyo haijafunguliwa tangu siku ile. Miaka sita.

MRITHI: Rangi za zamani zilikuwa imara, Dada.

FUNDI: Kila mwaka nakupa kopo la oili, nakwambia kambadilishie Baba. Makopo sita. Yameishia wapi?

MRITHI: Haloo? Dada, unakatika— mtandao huku—

FUNDI: Mtandao wako una akili sana. Unajua pa kukatika.

MRITHI: Tumalize nati kwanza, nakuomba. Wako njiani.

FUNDI: Mwagia mafuta ya taa hapo kwenye ndevu. Gonga na nyundo, taratibu, kuizunguka. Kisha nenda stoo, nyuma ya mlango kuna spana ya mabomba, ile kubwa yenye meno.

MRITHI: Ile hairuhusiwi kuguswa.

FUNDI: Ndiyo hiyo hiyo. Iliyofungwa kwa ufundi bomba itafunguliwa kwa ufundi bomba. Tia kipande cha bomba kwenye mkono wake uurefushe, uvute kushoto. Kushoto ya sasa, siyo ya saa mbili.

MRITHI: [chuma kinagongwa; miguno] Haisogei.

FUNDI: Vuta, usiipapase.

MRITHI: Navu— imelia! Dada, imelia kriii—

FUNDI: Endelea. Umekinga na nini?

MRITHI: Bakuli la mbwa.

FUNDI: Bakuli la nani?

MRITHI: Imetoka! Inakuja, inakuja. Mama yangu, nyeusi kama lami.

FUNDI: Injini hiyo ina lita moja na nusu. Mbwa wenu anakula lita ngapi?

MRITHI: Linajaa. Linamwagika. Dada, linamwagika kwenye nyasi zake!

FUNDI: Rudisha nati.

MRITHI: Haishiki. Inazunguka tu, meno yake yameliwa yote.

FUNDI: Ziba kwa kidole.

MRITHI: [pumzi] Nimeziba. Imesimama. Sasa?

FUNDI: Sasa unahitaji nati mpya na washa.

MRITHI: Nitaipata wapi saa hizi?

FUNDI: Iko kwenye boksi langu la vifaa. Niliinunua jioni ile ile tuliyogombana. Nilidhani kesho yake atanipigia.

MRITHI: Sikujua. Dada, nakuomba uje.

FUNDI: Nije nipitie geti gani? Baba anajua nani alikuwa anamletea oili?

MRITHI: Sikupata nafasi ya kumwambia.

FUNDI: Miaka sita hukupata nafasi. Ila kidole umekipatia nafasi.

MRITHI: Nitamwambia. Leo jioni, akishapumzika.

FUNDI: Jizoeze sasa. Oili alikuwa analeta nani?

MRITHI: Wewe.

FUNDI: Sikusikia, mtandao unakata.

MRITHI: Wewe, Dada. Kila mwaka. Mimi nikamwambia ni mimi ninayenunua.

FUNDI: Na ilikwenda wapi?

MRITHI: Kwenye gari langu. Yote. Umefurahi?

FUNDI: Nusu.

MRITHI: Dada.

FUNDI: Nini tena, limejaa bakuli la paka?

MRITHI: Naona viatu.

FUNDI: Viatu gani?

MRITHI: Hapa kwenye gurudumu. Dada, simu iko spika.

BABA: Hii simu inasikia?

FUNDI: Shikamoo, Baba.

BABA: Marahaba. Rangi nyekundu ile niliipaka mimi.

FUNDI: Ndiyo, Baba.

BABA: Wewe ulisema washa.

FUNDI: Nilisema.

BABA: Unayo?

FUNDI: Ninayo. Tangu siku ile.

BABA: Basi ilete. Tangu asubuhi nimeona daktari, nimeona wifi yako, sasa namwona huyu. Wewe sijakuona.

FUNDI: Nusu saa, Baba. Nafunga karakana.

MRITHI: Baba, naomba nitoke kidogo, kidole kimekufa ganzi.

BABA: Baki hapo hapo. Miaka sita hukuigusa, leo hutaiachia.

FUNDI: Na usibadilishe kidole.

MRITHI: Dada, salio linalia. Usinunue oili njiani, kopo la mwaka huu liko kwenye buti la gari, bado sijalitumi—

[Simu imekatika.]